Filamu ulizoniomba, swahiba

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa mara nyingine. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema tangu upunguzwe kazini siku zimekuwa ndefu, usingizi hauna mpango, na lile swali la "sasa utafanya nini?" limekuchosha kuliko hata kukosa kazi kwenyewe. Ukaniomba nikutajie filamu za kukupa moyo wa kusonga mbele. Sikutaka kukujibu harakaharaka, maana jambo hili nalipenda, na wewe nakupenda zaidi, na filamu isiyofaa ikimkuta mtu wakati usiomfaa humwacha hoi kuliko ilivyomkuta.

Niseme mapema ninachokiamini. Filamu ya kumsogeza mtu si lazima iwe ile inayomliza au kumpandisha mori kwa saa mbili. Kulia ni rahisi, muziki wenyewe unajua pa kukushika. Mimi filamu naipima kesho yake asubuhi: je, nimeamka na jambo la kufanya, hata kama ni dogo?

Ndiyo maana sikuanzishi na The Pursuit of Happyness ya mwaka 2006, ingawa najua kila mtu atakutajia hiyo. Ni nzuri, sikatai. Ile sehemu Will Smith na mwanawe wanapolala chooni kwenye kituo cha treni, mtoto amelala mapajani, baba ameukaza mlango kwa mguu huku mtu anagonga upande wa pili, na machozi yanamtiririka kimyakimya, sijui mzazi gani ataitazama akabaki na macho makavu. Lakini hadithi inaishia pale anapopewa kazi. Kwa mtu aliyetoka kupoteza yake juzi tu, nahofia utabaki ukijilaumu: mwenzangu alijitahidi akapata, mimi je? Chris Gardner, ambaye maisha yake ndiyo yanayosimuliwa, ni mtu wa kweli na amepitia mengi. Namheshimu. Ila iweke kando kwanza, wakati wake utafika.

Anza na Ikiru. Ni ya Kijapani, ya mwaka 1952, mwongozaji wake Akira Kurosawa, haina rangi, na utalazimika kusoma maandishi chini ya picha. Usikimbie. Inafunguka kwa picha ya eksirei ya tumbo, na sauti inatuambia kwamba mwenye tumbo hili ana saratani, ila mwenyewe bado hajui. Mtu huyo ni Watanabe, anayeigizwa na Takashi Shimura, mkuu wa idara katika ofisi ya jiji. Karibu miaka 30 hajakosa kazini hata siku moja, na katika miaka yote hiyo hakuna alichofanya zaidi ya kugonga mihuri. Wanakuja akina mama kulalamika juu ya dimbwi la maji machafu linalowaumiza watoto wao, wanaomba lifukiwe, pajengwe uwanja wa kuchezea. Wanapigwa danadana: nendeni afya, nendeni bustani, nendeni ujenzi, mpaka wanarudishwa kwenye dirisha lilelile walilolianzia. Wewe uliyefanya kazi maofisini utaitambua hiyo sekunde ya kwanza.

Kuna tukio pale hospitalini ambalo sijalisahau. Watanabe anasubiri zamu yake, mgonjwa mwingine anamsogelea na kumwambia: daktari akikwambia ni vidonda vidogo tu vya tumbo, na kwamba kula chochote unachopenda, basi ujue huna hata mwaka. Anaingia ndani. Daktari anayasema maneno yaleyale. Shimura hapigi kelele wala haanguki. Uso unamlegea tu, na kamera inamwangalia.

Kisha anahangaika. Anatoa fedha zake, anazunguka kwenye mabaa usiku kucha na mwandishi mmoja aliyekutana naye, haisaidii. Nakusihi sehemu hiyo usiione ndefu, ni ya kweli: mtu akiambiwa "furahia maisha" huwa hajui aanzie wapi. Kinachomwamsha ni msichana wa ofisini kwake, Toyo, aliyeacha kazi kwa kuchoshwa na mafaili, akaenda kiwandani kutengeneza sungura wa kuchezea wanaorukaruka. Wamekaa mkahawani, yule mzee anamng'ang'ania amwambie siri ya uchangamfu wake. Binti anaogopa hata, maana hana siri. Anasema yeye anafanya kazi na kula, basi. Anamweka sungura mezani, sungura anaruka. Ukiwatengeneza hawa, anasema, unajisikia kama unacheza na kila mtoto wa Japani. Mzee ananyamaza. Halafu usoni kwake kunaingia kitu, anambeba yule sungura, anashuka ngazi mbio, na wakati huohuo vijana wa meza nyingine wanamwimbia mwenzao wimbo wa siku ya kuzaliwa. Anakwenda wapi? Anarudi ofisini, kwenye meza ileile. Analichukua lile faili la akina mama.

Hilo ndilo nililotaka ulione. Hahami nchi, habadili jina, hagundui kipaji kilichojificha. Kazi iliyomstahili ilikuwa imelala mezani kwake siku zote, chini ya karatasi nyingine.

Sasa sikiliza kilichonifanya niitangulize filamu hii kuliko zote. Mara tu baada ya hapo tunaambiwa Watanabe amekufa, na filamu bado ina sehemu ndefu. Tunapelekwa matangani. Wenzake wa ofisini wamekaa wanakunywa na kubishana ni nani hasa aliyejenga ule uwanja wa watoto. Naibu meya keshajitwalia sifa. Polepole, kwa kumbukumbu hii na ile, ukweli unatoka. Askari mmoja anakuja kurudisha kofia ya marehemu na kusimulia jinsi alivyomwona usiku wa mwisho, theluji inaanguka, mzee amekaa kwenye bembea ya uwanja ule anaimba. Wote wanalia. Wanaapa, kwa sauti kubwa, kwamba kuanzia kesho watafanya kazi kama yeye. Kesho inafika. Mwananchi analeta lalamiko, mkuu mpya anampeleka dirisha jingine. Karani mmoja tu, Kimura, anasimama kwa hasira. Wanamtazama. Anakaa tena, na mafaili yanamfunika.

Unaona Kurosawa anatuambia nini sisi tuliokaa upande huu wa kioo? Wale walioguswa na hadithi ya Watanabe ni sisi. Walilia, wakaapa, wakarudi palepale. Sijawahi kuona filamu nyingine inayomkabili mtazamaji wake kwa heshima na ukali wa namna hiyo.

Kusoma maandishi chini ya picha kukikushinda, ipo Living ya mwaka 2022, iliyoihamishia hadithi hii London ya miaka ya 1950. Mwongozaji ni Oliver Hermanus wa Afrika Kusini, mwandishi wa mchezo Kazuo Ishiguro, na Bill Nighy anaigiza kwa utulivu wa ajabu. Ni nzuri sana, lakini ni fupi na laini zaidi. Mimi ningekupa ya kwanza.

Ya pili ni tofauti kabisa: Manchester by the Sea ya mwaka 2016, ya Kenneth Lonergan. Itazame siku ukiwa na nguvu. Casey Affleck ni Lee, fundi wa kuzibua vyoo na kufagia majengo, ambaye watoto wake watatu waliteketea kwa moto, na anajua uzembe ulikuwa wake. Kaka yake anafariki na kumwachia alee mtoto wa miaka 16. Kwa mazoea ya filamu ungetegemea malezi yale yamponye. Hayamponyi. Anamwambia kijana waziwazi kwamba hawezi kulishinda jambo lile, kwa hiyo hatabaki katika mji ule. Anamtafutia familia nzuri ya kumlea, halafu, wanapotembea, anamweleza kwamba huko Boston anatafuta nyumba yenye chumba cha ziada. Kijana anauliza, cha nini? Ili uweze kuja kunitembelea.

Nimekutajia hiyo kwa sababu ya wanaokuharakisha. Watu wanadhani kusonga mbele ni kurudi ulivyokuwa, tena upesi. Lee hatarudi alivyokuwa, na filamu haimhukumu. Chumba kimoja cha ziada ndicho kiasi alichokiweza, na kwangu mimi hiyo ni hatua kamili.

Ukitaka ya kukuchangamsha baada ya hapo, tafuta The First Grader ya mwaka 2010, juu ya Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Oliver Litondo anamwigiza vizuri mno. Anafukuzwa getini, anaambiwa shule ni ya watoto wenye sare. Anakwenda zake, anaikata suruali yake iwe kaptura, anarudi. Mwenyewe Maruge alifariki mwaka 2009, kabla filamu haijatoka. Baadhi ya sehemu zake zimetiwa chumvi kidogo kwa ajili ya sinema, lakini ile kaptura inatosha kuisamehe yote.

Hizo tatu zinatosha kabisa kwa sasa. Nakuomba usizitazame mfululizo kama tamthilia, moja juu ya nyingine mpaka alfajiri, utachanganya huzuni zao na yako. Weka simu chumba kingine. Ikiisha, acha majina yapite, kaa kidogo kabla ya kuwasha taa.

Ikiru ina zaidi ya saa mbili, kwa hiyo ianze mapema jioni, na ukifika matangani usidhani imekwisha, hapo ndipo inapoanza kusema. Ukimaliza niandikie unieleze ulimwonaje yule Kimura, aliyesimama kisha akakaa. Mimi nina maoni yangu juu yake, lakini nataka kwanza nisikie ya kwako.

Ni mimi swahiba wako.