Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Bustani na Redio

Ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za mwaka huu. Nawashukuru mliofika. Wengi wa wale niliotamani wayasikie haya hawamo ukumbini, kama walivyokosekana mwaka mzima.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Bustani ya pamoja ililimwa, mboji ilipinduliwa kwa zamu, mafunzo ya vitalu yalifanyika, na kipindi chetu cha nusu saa kilikwenda hewani kila wiki isipokuwa mtambo wa redio ulipokuwa kwenye matengenezo. Tulianza mwaka tukiwa 84, wakaingia wapya 9, wakajitoa 12, tuko 81. Waliolipa ada yote ni 33, waliolipa nusu ni 14, waliobaki hawajatoa chochote. Mikutano minne iliitishwa, akidi ikatimia mara mbili. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni. Kamati, chini ya uenyekiti wangu, iliamua kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya uzio wa bustani zinunue vinasa sauti viwili, maikrofoni na kompyuta ya kuhariri vipindi. Maneno yamenifikia. Nimeambiwa chakula hakioti redioni. Nimeambiwa mifugo imeingia bustanini kwa kukosa uzio. Nimeambiwa pia kwamba mwenyekiti anapenda kusikia sauti yake mwenyewe. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu uamuzi huu niliusimamia na ningeusimamia tena.

Chama hiki kilianzishwa turudi kulima chakula chetu na kutengeneza habari zetu. Wako wanaoyaona haya kuwa ni idara mbili zinazogombania mfuko mmoja. Mimi naona ni kazi moja. Kumbukeni kipindi cha kilimo tulichokuwa tunakisikiliza zamani: kililetwa bure, kikiwa kimesharekodiwa, na aliyekileta ndiye aliyekuwa akiuza mbegu. Kila wiki tulifundishwa kununua. Hakuna siku tuliyoelezwa kwamba mbegu chotara, zile zinazotokana na kuchanganya aina mbili, huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena, mimea hutoka mchanganyiko, huu mrefu, huu mfupi, na mavuno hushuka. Simzuii mtu kupanda chotara. Nataka apande akijua, na wa kumwambia hayo hawezi kuwa yule ambaye riziki yake inategemea arudi dukani.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya vinasa sauti vile ilikuwa kuwafuata wazee wetu. Waliosikiliza kipindi cha mama yetu wa maharage wanakumbuka. Hakuanza kwa maelezo. Alichukua punje moja, akaing'ata karibu kabisa na maikrofoni, ukasikika mlio mkavu wa jino, kisha akasema jino likiacha alama, haragwe bado halijakauka, lirudishwe juani; lisipoacha alama, haragwe liwekwe. Akaeleza kwamba mche wa mbegu huchaguliwa ungali shambani, ukafungwa uzi kabla watoto hawajachuma, wala mbegu haiokotwi kwenye mabaki ya jikoni. Akasema maharage ya aina mbili unaweza kuyapanda jirani, lakini mahindi ya aina mbili uyatenganishe mbali. Wataalamu wanasema hivyo hivyo: ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha kabla halijafunguka vizuri, ilhali chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo. Maarifa yale hayakuwa yameandikwa popote kwetu. Leo yamehifadhiwa, kwa sauti yake mwenyewe. Uzio hata tungeujenga wa chuma usingelinda kitu hicho.

Kwa wanaodhani jambo hili nimelizua, yapo yaliyotokea duniani. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamilioni ya watu walimsikiliza C. H. Middleton wa BBC kila Jumapili akielekeza namna ya kupanda na kutunza mboga, huku serikali ikiwahimiza wageuze nyua zao kuwa bustani. Basi chakula kiliota redioni. Kuhusu watu kujieleza wenyewe, mwaka 1967 watengenezaji filamu wa shirika la filamu la taifa la Kanada walikwenda kisiwa cha Fogo, huko huko Kanada, kwa wavuvi ambao serikali ilikuwa ikifikiria kuwahamisha. Walirekodi wenyeji wakieleza shida zao, wakazionyesha filamu zile kijiji kwa kijiji na kwa viongozi wa serikali. Watu waliokuwa hawaketi pamoja wakasikilizana, wakaunda ushirika wa uvuvi, wakabaki kisiwani kwao.

Kuhusu mifugo iliyoingia bustanini, iliingia mara moja, upande ambao wa zamu hakutokea. Tangu hapo tumepanda uzio wa miti, vipande nilivileta mwenyewe, na vingi vimeshika. Vilivyokufa ni vile visivyomwagiliwa, na orodha ya zamu iko kwa katibu kwa anayetaka kuiangalia.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Vipindi vingi nimevihariri mimi, usiku, nyumbani kwangu, na mbegu za akiba zimehifadhiwa chumbani kwangu kwa sababu chama hakina stoo. Sidai malipo. Lakini wako wanachama ambao sijawaona shambani tangu palizi ya kwanza, ada hawajalipa, na siku ya mavuno walikuja na vikapu. Wengine hao hao ndio wanaouliza fedha za uzio zilikwenda wapi. Ada ya watu 34 ambao hawajatoa kitu ingetosha kuanza uzio ule bila kugusa vinasa sauti. Nimewapigia simu, nimewafuata majumbani, nimewaongezea muda. Katiba inaruhusu kuwafuta uanachama. Kamati imekuwa na subira kwa ombi langu.

Kwa mwaka ujao, tunatarajia kupata mahali pa kudumu pa kuhifadhi mbegu, kuongeza rekodi za wazee wakiwa bado na nguvu, na kuwavuta vijana waongoze vipindi. Hali ikiruhusu, tufikirie pia kurefusha kipindi kifike saa nzima. Kila jambo litategemea michango na watu watakaojitokeza. Katibu atapitisha karatasi ya zamu za shamba na za kurekodi; naomba isirudi mbele ikiwa na majina yale yale ya mwaka jana.

Naiwasilisha taarifa hii muijadili, na mkiridhia, muipokee.

Mwenyekiti