Kuhusu kile chungu cha umeme

Houston, Texas

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, na ombi lako la chungu cha umeme, kile kinachopika polepole kutwa (slow cooker), nimelisikia. Sikitumi. Usininunie, sikiliza kwanza: umeme wa huku ni volti 120, wa kwenu 230. Ukikichomeka tu Tanga kitaungua. Mtu akitoka Uingereza mwombe akubebee, umeme wao na plagi zao vinaingiliana na vya huko.

Sasa nyama. Steki waachie wenye haraka; ikikaa humo kutwa inabaki nyuzi kavu. Mwambie wa buchani akukatie ya bega au ya mguu, yenye ule utando mweupe tunaoulalamikiaga. Ukipata moto mdogo kwa muda mrefu unalainika na kuyeyuka, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Na ng'ombe wetu waliokomaa kwa kutembea malishoni wanafaa kweli kwa kazi hii.

Vitunguu, saumu, tangawizi na nyanya vikaange jikoni kwanza mpaka mafuta yaelee, na nyama uigeuzegeuze humo ipate rangi. Wengi huku wanatumbukiza vyote vibichi. Mimi simo! Viazi vitangulie chini, maana kwa moto ule vinachelewa kuiva kuliko nyama. Maji kikombe kimoja tu, kwani mvuke hautoki. Moto mdogo kwa muda wa saa 8, mkubwa kwa muda wa saa 4 au 5. Na usifunuefunue kuonja, nakujua wewe. Kila ukifunua unajiongezea karibu nusu saa. Tui zito litie mwishoni, likikaa mapema linakatika.

Maharage mekundu usithubutu kuyatia makavu. Yaloweke usiku, mwaga maji yake, kisha yachemshe jikoni kwa moto mkali dakika 10 au zaidi ndipo uyahamishe. Yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi, na inatapisha vibaya.

Kinachonitia wasiwasi ni kukatika kwa umeme. Ukikatika nawe uko kazini, ukirudi huwezi kujua nyama imekaa vuguvugu muda gani, na hiyo ni ya kumwaga hata kama inanukia. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fikiria lile jiko lako la makaa. Siku za mapumziko ukiyafunika makaa kwa majivu, sufuria nzito juu, kazi ni ileile.

Msalimie mama, na uniambie kilo ya nyama siku hizi mnanunua shilingi ngapi.

Wako,
Zuhura