Mhariri, tuandikieni pia Tongoni na Amboni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie matembezi ya familia siku za mapumziko. Kila likizo ya Desemba ikikaribia, magazeti na redio hutuhimiza Watanzania tutembelee vivutio vyetu, na picha ni zilezile: nyumbu wakivuka Mto Mara, bonde la Ngorongoro, theluji ya Kilimanjaro. Ni fahari yetu na sina neno nazo. Lakini mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Riziki yangu ni kuziba pancha na kunyoosha rimu. Nikipiga hesabu ya nauli, malazi na chakula cha nyumba yangu mpaka Serengeti, nafunga daftari. Naamini wasomaji wako wengi wako hivyo hivyo. Tunachotafuta ni mahali pa kwenda asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi.

Na mahali tunapo. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Horohoro, mwendo ambao baiskeli inaumudu bila taabu. Magofu ya Tongoni hayafiki kilomita 20 kusini, njia ya Pangani. Ukishuka barabarani unatembea kidogo kuelekea baharini. Kinachonisikitisha ni kwamba mtaani kwangu, waliofika huko karibu wote walipelekwa na shule. Mtoto anarudi, anaandika insha ya ukurasa mmoja, mwalimu anaweka vema, yameisha. Baba, mama na bibi yake hawajawahi kukanyaga.

Nasema safari hizi ziwe za nyumba nzima, na wazee wawe wa kwanza kupanda gari. Nitaeleza kwa nini.

Tulikwenda Tongoni na mama mkwe wangu, mwenyeji wa Pangani. Mtembezaji wageni alifanya kazi yake vizuri. Alituonyesha msikiti wa karne ya 14 au 15 na makaburi yanayozidi 40, mengine yenye nguzo. Akatusimulia kwamba Januari 1499 Wareno wa Vasco da Gama, wakirudi kutoka India, waliichoma wenyewe meli yao moja, São Rafael, kwenye miamba ya pwani hii, kwa sababu mabaharia wengi walikwisha kufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Watoto walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza darasani.

Ndipo bibi yao akaweka kiganja ukutani na kusema, "Hili si jiwe la mlimani, wajukuu zangu. Hili limetoka baharini." Baba yake alikuwa mchoma chokaa. Akawaeleza jinsi magogo yanavyopangwa kwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa na kuachwa uwake mpaka umalize kazi yake, kisha mawe yanapata maji na kuvunjika kuwa unga mweupe. Akawaambia kwamba tumbawe la kuchonga mihirabu linatolewa likiwa bichi, maana likiwa bichi linakubali chombo, na likishakauka limeshakuwa jiwe. Akawaambia pia kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mkoko wenyewe. Mwanangu wa darasa la sita, ambaye kitabu cha historia humpa usingizi, akaanza kupima kuta kwa hatua zake na kubishana na dada yake.

Kisha wakauliza yale mashimo ya duara kwenye nguzo za makaburi ni ya nini. Mtembezaji akasema palipachikwa vibakuli vya kauri kutoka nchi za mbali, Uchina mojawapo, na vimebanduliwa zamani. Mama mkwe alikasirika waziwazi. "Aliyevibandua hakuwa na wazee." Watoto hao sasa mtu akiokota hata kigae mbele yao wanamkemea.

Haya hayamo kwenye kibao chochote. Yamo kichwani mwa mama mzee, na yalitoka kwa sababu alisimama mbele ya ukuta ule.

Amboni nako ni hivyo hivyo. Ndani ya pango mtembezaji anamulika tochi, watoto wanatafuta mamba na tembo kwenye mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka, popo wanapita, furaha tupu. Baba yangu mkubwa magoti yake hayakumruhusu kupenya zile njia za kuinama, akabaki nje kivulini. Tulipotoka akatusimulia habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950 na akawa anajificha mapangoni humo. Yeye alizisikia akiwa kijana kwenye mashamba ya mkonge, kwa watu wazima waliokuwa wakilitaja jina hilo kwa kunong'ona. Alisimulia pia hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akaibukia mbali sana. Binti yangu akasema watafiti walipima mwaka 1994 wakakuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Mzee akafurahi kupata mpinzani, wakabishana mpaka chakula kikaisha.

Kwa wanaosimamia sehemu hizi nchi nzima, naomba mambo madogo: mabenchi ya kivulini kwa wazee wasioweza kuingia au kupanda, maelezo ya Kiswahili kwa herufi kubwa, na kiingilio cha familia kwa bei moja ili mtu asiache bibi nyumbani kwa kubana senti.

Kwako Mhariri, ombi langu ni safu ndogo kila Ijumaa. Sehemu moja tu ya karibu, mkoa huu leo, mkoa ule wiki ijayo: magofu ya Kaole kwa watu wa Dar na Bagamoyo, Isimila penye zana za mawe za kale na Kalenga penye makumbusho ya Mkwawa kwa watu wa Iringa, msitu wa Amani kwa sisi na ndugu zetu wa Muheza. Msituandikie sifa, tunazijua. Tuandikieni gari linapandiwa wapi, nauli kiasi gani, raia analipa nini mlangoni, kama kuna maji ya kunywa, na kama mzee mwenye fimbo anafika. Mkianza na Tongoni, muulizie pia gari la mwisho la kurudi mjini linapita saa ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza ambalo mama watoto aliniuliza, na ndilo linalowazuia akina mama wengi kutoka.

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga