Malalamiko kuhusu injini iliyofungwa nusu kwenye pikapu yangu

Ngaramtoni, Arusha

Meneja wa Huduma,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: INJINI YA 3L ILIYOFUNGWA KWENYE TOYOTA HILUX VIGO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea pikapu yangu ili mwondoe injini ya 2KD na kufunga mahali pake injini ya zamani ya 3L yenye cc 2,779, ya aina iliyokuwa kwenye Hilux za mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu niliwaeleza: 2KD ni ya komoni reli, yaani mfumo wa mafuta unaoongozwa na kompyuta, mafuta yake huenda kwa mgandamizo mkubwa, na nozo zake za kunyunyizia mafuta hazivumilii dizeli ya madumu ninayolazimika kutumia nikiwa Mang'ola, ilhali pampu ya 3L haihitaji kompyuta na fundi pampu yeyote mzoefu anaimudu. Mlikubali, nami nikalipa fedha yote kabla ya kukabidhiwa gari.

Injini yenyewe siilalamikii. Inawaka vizuri hata asubuhi za baridi, na kupungua kwa nguvu kwa kukosa turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, nilikutarajia. Ninachokilalamikia ni kwamba mliiweka injini ndani ya gari mkaacha kuiunganisha na gari hilo, kisha mkaandika kwenye ankara kuwa kazi imekamilika.

Nikiwa na mzigo wa vitunguu, nikipanda kutoka Mang'ola kwenda Karatu, gari lilichemsha hadi mvuke ukatoka chini ya boneti, na muda wote huo mshale wa geji ya joto ulikuwa umelala kwenye baridi. Nilivutwa na lori hadi Karatu, ambako fundi umeme alinionyesha waya wa sensa ya joto ukiwa umezungushiwa tepu nyeusi na kusukumizwa nyuma ya betri, haujaunganishwa na kitu chochote. Aidha, injini hii imekaa chini zaidi kuliko ile ya awali, hivyo feni haiko katikati ya kava lake; upande wa juu mkono wangu unapita bila kugusa. Gari lenye mzigo likipanda mlima kwa gea ya pili halipati upepo wa mwendo bali hutegemea feni peke yake, na feni iliyokaa hivyo huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Maunti ya kushoto, yaani kishikizo cha injini, mliyoichomelea kwenye chasisi nayo imeanza kupasuka kwenye weldi.

Kuna pia suala la karatasi. Kadi ya gari bado ina namba ya injini mliyoiondoa, na ankara yenu imeandika tu "injini 3L, mtumba", bila namba wala hati ya mlikoinunua. Bila vitu hivyo siwezi kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuomba taarifa zibadilishwe, na askari akifungua boneti na kulinganisha namba ana haki ya kudhani injini ni ya wizi. Fundi mkuu wenu alinijibu kwa simu kwamba magari mengi yanatembea hivyo hivyo, jibu ambalo sidhani angelitoa mbele ya askari huyo.

Naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mrekebishe mkao wa feni na kava lake, muunganishe geji ya joto na kuipima mbele yangu injini ikiwa imepata moto, mchomelee upya maunti, mnipe ankara yenye namba ya injini pamoja na hati ya ununuzi, na mnirudishie gharama ya kuvutwa hadi Karatu. Hayo yasipofanyika, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Gari lipo na nitalileta siku mtakayonitajia kwa maandishi. Nimeambatanisha nakala ya ankara, stakabadhi ya malipo, na picha za waya, feni na maunti.

Wenu,
Mmiliki wa gari