Mhariri, tuwekeeni na makocha wa zamani

Mhariri habari za kazi, naombeni ukurasa wa michezo siku moja moja utoke kwenye mambo ya usajili mtuwekee maisha ya makocha wa zamani, hata wa michezo tusiyoicheza huku.

Mfano Gus Dorais. Alikuwa kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha Notre Dame kule Marekani, yaani yule anayepanga mchezo na kurusha mpira kwa mkono, na pasi ya kurusha mbele ilikuwa imeruhusiwa 1906 tu, timu nyingi bado zinang'ang'ania kusukumana. Kiangazi cha 1913 yeye na rafiki yake Knute Rockne walikuwa vibarua ufukweni Cedar Point, Ziwa Erie, wakitoka kazini wanaingia mchangani mmoja anarusha mwingine anakimbia kudaka, basi ni hivyo hivyo. Tarehe 1 Novemba wakawapiga Army, timu ya chuo cha jeshi la Marekani, 35-13, Dorais karusha 17 zikadakwa 14! Baadaye akafundisha timu ya chuo cha Gonzaga, halafu chuo cha Detroit toka 1925 mpaka 1942, ila jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Rockne na hilo linaniuma kweli, maana bila mrushaji mdakaji angedaka nini?

Jioni huku kwetu nawaona madogo wanacheza chandimu pembeni ya mitumbwi, mchanga wanao, na ziwa letu ni kubwa zaidi ya mara mbili ya hilo Erie. Jamani waandikieni hawa madogo habari hii, wasome.

Msomaji wenu, Kirumba, Mwanza