Kisa ulichokituma kwenye grupu bado kina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini sisi tunaocheza michezo ya kuigiza mezani limeanza kutugombanisha.

Nina duka la steshenari Sinza. Natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti za wanafunzi wa vyuo. Jumamosi jioni nikishafunga, meza ya kubaindia inakuwa meza ya mchezo. Mmoja wetu anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anashika karatasi ya mhusika wake, na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua kama umeruka ukuta wa gofu la Kilwa au umeangukia mikononi mwa walinzi. Kwa asiyeujua, mchezo huu hauhitaji ubao, wala haumtafuti mshindi. Kuna kanuni, na kuna kisa. Kanuni wengi wetu tunazitoa kwenye Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Visa tunatunga wenyewe, na utamu wote uko hapo: jahazi lililorudi bandarini bila nahodha, jini anayedai deni la babu yako, msafara wa pembe uliopotelea njiani kuelekea Bagamoyo.

Hivi karibuni kijana mmoja alikuja dukani na faili kwenye simu. Alitaka nakala nyingi, zibaindiwe vizuri, akaziuze kwenye tamasha. Nilipolifungua, sikufika hata ukurasa wa tatu nikakijua kile kisa, maana tulikicheza pale pale dukani kwangu. Kilitungwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akakituma kwenye grupu letu la WhatsApp ili wenzake nao wakawachezeshe watu wao. Jina lake lilikuwa limefutwa. Nilipomuuliza kijana, alinijibu bila wasiwasi wowote: "Si iko kwenye grupu, dada? Ya bure hiyo."

Sikuprinti. Nilimpigia mwalimu, na kesho yake alikuja amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tulipofungua faili lake mwenyewe, lile la mwanzo, tukakuta jambo la pili. Kurasa kadhaa za mazimwi zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu rasmi cha mchezo, baadhi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Picha ya zimwi mmoja ilikuwa imekatwa kwenye kitabu hicho hicho, namba ya ukurasa bado inachungulia pembeni. Mwalimu aliniambia maneno yanayofanana sana na ya yule kijana: vitabu hivyo viko kila mahali mtandaoni, kila mtu anavyo.

Simwiti yeyote kati yao mwizi. Ninachokiona ni watu wawili wanaoupenda mchezo na ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza mpaka uko wapi. Basi niueleze kwa kadiri nilivyojifunza, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kunakili maandishi ya watu na nimelazimika kuyajua haya.

Hakimiliki haisubiri muhuri. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Ukishaandika kisa chako kikakaa kwenye daftari au kwenye simu, ni chako, katika uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, lakini haki yenyewe umeshaipata siku ulipoandika. Kwa hiyo mwalimu yule alipokituma kisa kwenye grupu, aliwapa wenzake nakala ya kusoma na kucheza. Hakumpa mtu haki ya kufuta jina lake, wala ya kukiuza.

Upande wa pili, sheria hailindi namna ya kucheza. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema hili tangu karne ya 19 katika kesi ya Baker dhidi ya Selden, iliyohusu kitabu cha kufundisha uhasibu: maneno ya kitabu ni ya mwandishi, ila njia ya kuweka hesabu inayofundishwa humo kila mtu anaweza kuitumia. Sheria yao ya sasa ya hakimiliki inaifuata kanuni hiyo hiyo. Kurusha dadu, kujumlisha nguvu za mhusika, kulinganisha na namba aliyoitaja msimulizi, hiyo ni njia ya kucheza. Ukiieleza kwa maneno yako mwenyewe, haumkosei mtu. Aya ya kitabu ni jambo jingine, na picha yake, na ulimwengu waliouunda, na wahusika wao. Hata wenye Dungeons & Dragons walilipata somo hilo: miaka ya 1970, baada ya wenye haki za vitabu vya Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kulalamika, wale watu wafupi walioitwa "hobbit" katika mchezo walibadilishwa jina wakawa "halfling".

Nikazie la tafsiri, maana ndilo linalowaponza vijana wetu wengi. Kukigeuza kitabu cha mtu kuwa Kiswahili, hata ukikesha, hakukifanyi kuwa chako. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kitabu. Ukitaka kanuni za Kiswahili zilizo zako, soma, funga kitabu, kisha eleza upya ulivyoelewa, kwa mifano yako.

Au chukua kile kilichokwisha kuruhusiwa. Hapa kuna habari njema ambayo wachezaji wengi hapa mjini hawaijui. Kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Dungeons & Dragons, ilitoa mwaka 2000 leseni iliyowaruhusu watu wengine kuchapisha visa na vitabu kwa kutumia sehemu kubwa ya kanuni zake. Watu walijenga kampuni na ajira juu ya leseni hiyo. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ilitaka anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka atoe mrabaha wa hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo, na, jambo lililowauma hata watunzi wasio na kipato chochote, ilikuwa na kifungu cha kuipa kampuni ruhusa ya kudumu kutumia walichotunga wengine bila kuwalipa. Wachezaji waliwaka. Wengi walifuta uanachama wao wa kulipia kwenye tovuti ya mchezo. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 27 Januari, kampuni iliiacha leseni ya zamani kama ilivyokuwa, tena ikaziweka kanuni za msingi, hati ya kurasa zaidi ya 400 iitwayo SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons (leseni za wazi ambazo mtunzi yeyote anaweza kuzitumia kuruhusu kazi yake itumiwe) ya kutaja chanzo. Leseni hiyo ikishatolewa haiwezi kuondolewa kwa anayefuata masharti yake. Mwaka 2025 toleo jipya la hati hiyo, SRD 5.2, nalo lilitolewa kwa leseni hiyo hiyo.

Maana yake kwa mtu wa Sinza ni hii: hati hiyo unaweza kuiprinti, kuitafsiri, kuitumia ndani ya kisa chako na hata kuuza kisa hicho, mradi uweke sentensi ya kutaja chanzo ambayo hati yenyewe imekuandikia mwanzoni. Nimewaprintia vijana hati hiyo bila kinyongo. Kitabu chenyewe cha rangi, kilichoskaniwa na kutupwa mtandaoni, siprinti, na wateja wengine wameninunia kwa sababu hiyo.

Tulikaa na mwalimu tukalinganisha kazi yake na hati. Mifupa inayotembea, majoka, mbwamwitu, vyote vimo. Akavibakiza na kuweka sentensi ya chanzo. Zimwi wa kwenye ile picha, dude la duara lenye jicho kubwa katikati na macho mengine juu ya mikono myororo, hayumo miongoni mwa mazimwi waliotolewa. Huyo kampuni imembakiza kwake. Mwalimu alimwondoa pamoja na picha yake, akaweka jini wa kisimani aliyemtunga mwenyewe, anayemjibu kila mtu kwa sauti ya marehemu wake. Kwa maoni yangu kisa kimekuwa bora kuliko kilivyokuwa.

Kuna mlango mwingine ambao baadhi yetu wameanza kuugonga, nao ni soko la mtandaoni liitwalo DMs Guild, lililofunguliwa mwaka 2016. Pale unaruhusiwa kutumia hata ulimwengu wa kampuni ambao kwingine umefungwa, na unapata nusu ya mauzo. Si dili baya. Lakini soma mkataba kabla ya kubonyeza: kazi uliyoiweka pale huwezi kwenda kuiuza kwingine, na watunzi wengine wa soko hilo wanaruhusiwa kutumia ulivyovibuni humo. Kama unapeleka kisa cha kupima bahati, sawa. Kama unapeleka ulimwengu uliokaa nao kichwani tangu sekondari, wenye visiwa vyake na nasaba za wafalme wake, ningekusihi utulie kwanza.

Sasa ninachokiomba. Kila anayetunga kisa na kukigawa, aandike ukurasa wa kwanza unaosema. Liwepo jina lake, mwaka, na ruhusa anayoitoa, kwa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida akisoma ataelewa. Unaweza kutumia leseni za Creative Commons, na ukitaka kuzuia mauzo ipo ya matumizi yasiyo ya biashara. Fikiri kabla ya kuitoa, kwa sababu, kama nilivyosema, hairudishwi.

Na hapo sisi wenye steshenari tunahusika moja kwa moja. Kama kisa ni cha matumizi yasiyo ya biashara, na mimi namtoza mteja hela ya kopi, je, nimefanya biashara nacho? Marekani swali hili lilifika mahakamani. Wachapishaji wa vitabu vya kiada, Great Minds, waliishtaki FedEx Office kwa kuzikopia shule vitabu vyenye leseni ya namna hiyo kwa malipo, na mwaka 2018 mahakama ya rufani ikasema duka la kopi linafanya tu kazi kwa niaba ya shule, ambayo yenyewe haifanyi biashara. Ni hukumu ya kwao na haitufungi sisi. Kwa hiyo mtunzi aimalize shaka hiyo mwenyewe. Mwalimu wetu ameandika hivi, na ameniruhusu niinukuu:

"Kisa hiki nimekitunga mimi. Unaruhusiwa kukisoma, kukicheza, kukigawa bure na kukiprinti popote kwa gharama ya kopi tu. Usifute jina langu. Usikiuze bila kuniuliza."

Mtu akiniletea faili lenye maneno hayo, najua la kufanya bila kumpigia mtu simu.

Wenzangu wa steshenari, mteja akileta kijitabu kisicho na jina la mtunzi na anataka rundo zima la kuuza, muulize ni cha nani kabla hujawasha mashine. Swali hilo halijawahi kunifukuzia mteja mwaminifu. Na COSOTA, ambao najua mikono yenu imejaa mambo ya muziki na filamu, tunawaomba mtuandalie karatasi moja ya Kiswahili chepesi kwa watunzi wa michezo na visa: nini kinalindwa, nini ni huru, tafsiri inahitaji ruhusa gani, na mtu akiibiwa aanzie wapi. Mkiitoa, nitaibandika dukani kwangu, na kopi za kwanza za kugawa nitazitoa kwa gharama zangu.

Mwenye steshenari,
Sinza, Dar es Salaam