Weusi wa kimiminika si kipimo cha nikotini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu sigara za kielektroniki iliwaambia wasomaji kwamba kimiminika cheusi ndicho chenye nikotini kali, na kwamba ladha zote za tumbaku ni kitu kimoja kilichopewa majina tofauti. Yote mawili si kweli. Watu wazima walioachana na sigara na kuhamia vepu wanapoteza fedha kwa kuamini hivyo, na wengine wanaishia kushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Naomba nafasi nieleze, hasa kwa faida ya wale wanaoagiza kutoka Italia, Uingereza na Marekani arki ya tumbaku, yaani kiini cha ladha, iliyokamuliwa kwenye jani lenyewe. Asiyevuta sigara hana sababu ya kuanza na vepu, na mtoto hahusiki kabisa na haya ninayoyaandika.

Arki za ladha ya tumbaku ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya maabara: mtaalamu wa ladha huchanganya kemikali zinazonukia, kama asetili pirazini inayoleta harufu ya bisi na ganda la mkate, vanilini, na nyingine za karameli, mpaka mchanganyiko ukaribiane na tumbaku. Hakuna jani hata moja ndani yake. Ya pili ni ya jani. Tumbaku ya kiko au ya siga (zile sigara nene za majani yaliyoviringishwa), iliyokwisha kukaushwa na kuvundikwa, hulowekwa ndani ya propilini glaikoli, kimiminika kisicho na rangi kinachotumika kubeba ladha kwenye vepu, kwa wiki kadhaa, pengine miezi, bila moto. Wapo wanaoharakisha kwa joto la nyuzi 50 au 60 kwa saa chache, na joto hilo huvuta pia uchungu wa jani. Wapo wanaotumia ethanoli kisha kuifukiza mpaka iishe. Wenye mitambo hupitisha kaboni dioksaidi iliyobanwa kwa shinikizo la zaidi ya baa 74 katika joto la zaidi ya nyuzi 31. Ikifika hapo gesi hiyo hupenya kila mahali na huku ikiyeyusha manukato. Wanaoloweka hupendelea glaikoli kuliko gliserini kwa sababu ni nyepesi: huingia ndani ya jani, hubeba harufu vizuri, na huchujika.

Kuchuja ndiko kunakomtenga fundi na mbabaishaji. Kitambaa huzuia vipande na karatasi ya kahawa huzuia vumbi, lakini nta, utomvu na unga laini hupita. Fundi makini huendelea na karatasi za maabara, kutoka maikroni 20 kushuka hadi 1 au chini ya hapo, akitumia pampu ya kufyonza, kisha huiacha arki itulie na kuchuja tena kilichozama. Inueni chupa kwenye mwanga. Mkiona kahawia inayong'aa kama chai ya rangi, hiyo ni sawa. Mkiona ukungu, au tope lililoganda chini lisilotaka kuchanganyika hata mkitikisa, rudisheni.

Sasa hiyo rangi. Jani hutoa kahawia yake yenyewe, na hutoa nikotini pia, lakini arki ikishazimuliwa, kwa kawaida sehemu ya kumi hadi theluthi moja tu ya kimiminika kizima, nikotini iliyotoka kwenye jani hubaki kidogo. Nikotini anayoihisi mvutaji ni ile iliyoongezwa kwa kipimo. Nikotini safi haina rangi, au ina umanjano hafifu, na hugeuka kahawia ikikaa kwenye hewa na mwanga. Kwa hiyo chupa nyeupe pe inaweza kubeba miligramu 20 kwa mililita, na nyeusi tii ikawa karibu na sifuri. Mtengenezaji pia anaweza kuiondoa rangi: Italia zinauzwa arki za jani zilizokenekwa ambazo hazina rangi kabisa. Anayetaka sifuri halisi, kwa sababu za kiafya au za ratiba yake ya kuacha nikotini, ajue kwamba arki ya jani iliyoandikwa haina nikotini inaweza kuwa na mabaki yake.

Neno "asilia" kwenye lebo nalo lisimdanganye mtu. Mwaka 2015 mtafiti Konstantinos Farsalinos na wenzake walipima vimiminika vya ladha ya tumbaku vya aina zote mbili. Walikuta sumu zinazotokana na tumbaku kwa viwango vidogo sana ukilinganisha na tumbaku yenyewe, lakini naitreti zilikuwa nyingi zaidi kwenye vile vya jani, na nikotini iliyoandikwa kwenye lebo ilitofautiana na iliyopimwa kwa hadi takriban asilimia 20, juu au chini. Anayechagua arki ya jani anachagua ladha. Asidhani amenunua usalama wa ziada.

Na ladha ndiyo inayowavunja moyo wengi mara ya kwanza, kwa kuwa wanatarajia moshi. Ladha ya sigara iliyowashwa imezaliwa na kuungua kwa jani na karatasi; kwenye vepu hakuna kinachoungua. Kinachokuja mdomoni ni ile harufu ya pakiti ikifunguliwa, kabla ya kiberiti. Anayelijua hili hamlaumu muuzaji bure.

Majani yenyewe yanatofautiana sana. Virginia, ambayo wakulima wa Tabora na Urambo wanaiita tumbaku ya mvuke, hukaushwa kwa hewa ya moto kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa muda wa kama wiki moja. Kukaushwa haraka hivyo hukamata sukari ndani ya jani, nayo inaweza kupita asilimia 10 ya uzito mkavu. Ladha yake ni nyasi kavu, mkate na asali. Burley, ambayo Malawi inaijua vizuri, huanikwa kivulini kwa wiki nyingi. Jani hula sukari yake likingali linakauka, na kinachobaki ni ladha ya karanga na kakao isiyo na utamu. Kentucky hukaushwa kwa moshi wa kuni, njia ile ile ya tumbaku ya moshi ya Ruvuma, na ndiyo inayofanya siga za Toscano za Italia ziwe kali. Latakia, iliyoanzia Syria na siku hizi kutoka zaidi Cyprus, hufukizwa mpaka inuke kuni na ngozi. Tone moja hutawala chupa nzima. Perique ya St. James Parish, Louisiana, hubanwa kwenye mapipa na kuchachuka ndani ya maji yake yenyewe, na huleta uchachu wa matunda yaliyoiva mno. Aliyekuwa akivuta sigara za kawaida aanze na mchanganyiko wa Virginia, Burley na majani ya Uturuki au Ugiriki, kwa sababu huo ndio mchanganyiko wa sigara nyingi alizozizoea. Latakia aiache mpaka baadaye.

Linalowagharimu watu zaidi ni koili, ule waya unaopata moto ndani ya vepu na kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Arki ya jani, hata ikichujwa vizuri, hubeba sukari na utomvu, na vitu hivyo haviwi mvuke. Hubaki kwenye waya, hugeuka ukoko mweusi, pamba inayofyonza kimiminika hukauka katikati, na kila pumzi inayofuata huwa na uchungu wa kitu kilichoungua. Mtu hudhani kimiminika kimeharibika, kumbe ni koili. Virginia na Cavendish (tumbaku iliyopikwa kwa mvuke na kubanwa mpaka iwe laini na tamu) ndizo mbaya kuliko zote, na vibaya zaidi ni arki zilizokamuliwa kwenye tumbaku ya kiko iliyonyunyiziwa sukari, vanila au ramu kiwandani. Burley na Kentucky zina nafuu. Muuzaji akiongeza sukralosi, kitia utamu cha viwandani, juu ya hapo, koili haitamaliza siku mbili.

Kwa hiyo msitie kimiminika hiki kwenye tangi kubwa la kutoa mawingu ya mvuke lenye koili ya wavu ya wati 60. Kinachofaa ni tangi dogo la kuvuta kwa mdomo kwanza, kama sigara, ambalo koili yake mnaweza kuisuka wenyewe: waya wa kupashia moto aina ya Kanthal A1, wa geji 28, mizunguko 6 kwenye kipenyo cha milimita 2.5, unaokaribia omu 1, kwa wati 11 hadi 14. Pamba isibanwe, ikivutwa ndani ya koili iteleze kwa ukinzani kidogo tu. Baada ya mililita 4 au 5, toeni pamba, washeni koili ikiwa tupu kwa nguvu ndogo mpaka ukoko ugeuke majivu, acheni ipoe kidogo, isuguliwe kwa brashi laini chini ya maji, na wekeni pamba mpya. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Wenye vepu ndogo za koili za kununua wahesabu bei ya koili ndani ya bei ya chupa, kwa sababu ndipo gharama ilipo.

Chupa zenyewe zinachanganya watu. Chini ya kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika 2016, kimiminika chenye nikotini hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 kwa mililita wala kuuzwa kwenye chupa inayozidi mililita 10. Kisicho na nikotini hakifungwi na kikomo hicho. Ndiyo sababu mafundi wa Italia huuza mililita 20 za arki ndani ya chupa ya mililita 60. Hiyo chupa isiyojaa si wizi, ni nafasi ya kuchanganyia. Wapo wanaovuta arki hiyo ilivyo, wakaungua koo na kuua koili siku hiyo hiyo. Changanyeni hivi: mililita 20 za arki, vichupa viwili vya nikotini vya mililita 10 vyenye miligramu 20 kwa mililita na nusu kwa nusu ya glaikoli na gliserini, kisha mililita 20 za gliserini. Mtapata mililita 60 zenye nikotini ya takriban miligramu 6.7 kwa mililita, na ikiwa arki ilikamuliwa kwa glaikoli, glaikoli na gliserini zitatoka sawasawa. Anayetaka nguvu ndogo atie kichupa kimoja na gliserini mililita 30, apate kama miligramu 3.3. Chupa za Uingereza huwa na mililita 50 za kimiminika kilichokwisha kuchanganywa, bila nikotini. Kichupa kimoja cha mililita 10 chenye miligramu 18 kwa mililita hutoa 3 kamili. Vaeni glavu, nikotini ikigusa ngozi naweni mara moja kwa maji mengi, na vichupa vifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Kizunguzungu, mate kujaa na kichefuchefu ni dalili za nikotini kuzidi: wekeni kifaa chini.

Msionje siku hiyo hiyo. Baada ya kutikisa, acheni kwenye kabati lenye giza na ubaridi kwa siku tatu hadi saba. Latakia na arki za siga hutulia zaidi baada ya wiki mbili. Chupa iliyosahauliwa ndani ya gari juani hupoteza manukato na kuwa nyeusi bila faida. Siku ya kuonja, wekeni pamba mpya, mililita 2, wati 12, aina moja tu, na si baada ya kahawa wala pipi ya mnanaa. Anayelinganisha aina tatu kwa pamba ile ile anaonja mabaki ya jana. Na kwanza nunueni chupa ya mililita 10. Sijui kwa nini wauzaji wengi huanza kumshikisha mteja mgeni ile kubwa.

Kuna jambo naliona linaanza kuzungumzwa mitandaoni nalo linanitia wasiwasi: kuloweka majani ya sokoni nyumbani. Jani la gulioni lina vumbi, ukungu na mabaki ya dawa za shamba, na jikoni hakuna namna ya kupima nikotini iliyotoka. Mabaya zaidi ni wanaoloweka kwenye mafuta ya kupikia. Mafuta hayana nafasi kwenye mapafu. Husababisha nimonia ya mafuta, na hakuna chujio linaloweza kuyafanya salama. Kama huna kipimo, nunua iliyopimwa.

Kabla ya kuagiza au kusafiri, angalieni sheria. Uganda ilikataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015. Qatar inazikataza, na Singapore hata kumiliki tu ni kosa. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwa kila mililita ya nikotini ya maji, na Uingereza imepanga ushuru wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10, yenye nikotini au isiyo nayo, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026.

Ombi langu kwa wauzaji wa hapa ni dogo. Juu ya kila chupa ya "tumbaku" andikeni kama ni arki ya maabara au ya jani, jani gani, ilikamuliwa kwa nini, nikotini kiasi gani kwa mililita, kama ina kitu cha kutia utamu, na tarehe ya kuchanganywa. Kwenu Mhariri, naomba ile sentensi ya rangi na nikotini isahihishwe katika toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Mombasa